Riba kubwa ya enzi za wazazi
Wazee husema: “Sisi tulilipa riba kubwa kuliko nyinyi, na nyumba tukanunua.” Riba ya mikopo ya nyumba ilikuwa kali kweli, Marekani mwaka 1981 ilipita asilimia 18. Lakini kilichopaa tangu hapo ni bei za nyumba.

Chukua mfano wa enzi zao: nyumba ya bei sawa na mishahara 3 ya mwaka, kianzio (malipo ya awali) asilimia 10, mkopo wa miaka 25 kwa riba ya asilimia 12: marejesho hula asilimia 34 ya mshahara. Nyumba ya sasa ya mishahara 8, kwa masharti yaleyale ila riba ya asilimia 5 tu, hula asilimia 51. Kianzio nacho, ukiweka akiba asilimia 10 ya mshahara, kilikuwa kazi ya miaka 3. Sasa 8, kama bei itakungoja, na haingoji. Tena mfumuko wa bei wa zamani ulipandisha mishahara huku deni likibaki palepale.