Upasuaji wa mgongo kwa tundu dogo: daktari anaona nini hasa?

"Tundu ni dogo, kwa hiyo daktari anapapasa tu."

Hapana. Mrija unaopenyezwa kati ya misuli huwa na upana wa milimita 18 hivi, na hadubini iliyo juu yake humulika hadi chini kabisa. Neva huonekana kubwa kuliko ambavyo jicho tupu lingeiona kwenye mgongo uliofunguliwa wote. Hadubini yenyewe si ngeni: madaktari wa upasuaji Yasargil na Caspar waliandika kuhusu kuitumia kwenye diski za kiuno (mito laini iliyo kati ya pingili) mwaka 1977.

"Picha ikishakuzwa, tatizo limekwisha."

Hapa ndipo penye kazi. Kukuza picha hakumwambii daktari yuko wapi. Mgongo ukifunguliwa wote, anaona pingili kadhaa kwa pamoja; ndani ya mrija anaona kipande cha mfupa tu, na pingili hufanana kama punje za mhindi mmoja. Ndiyo maana huchomekwa sindano, ikapigwa eksirei, na pingili zikahesabiwa kuanzia chini. Hata kuhesabu kuna mtego. Wapo watu wenye pingili sita za kiuno badala ya tano, na wapo ambao ya tano imeungana na sakramu, mfupa ulio chini yake. Wataalamu wawili wakiangalia picha moja wanaweza kutaja namba tofauti. Shingoni, mabega huziba pingili za chini, kwa hiyo huvutwa kwa plasta kuelekea miguuni kabla ya kupiga picha.

Halafu kuna damu. Ndani ya mrija mwembamba, damu kidogo tu hufunika kila kitu. Wanaotumia endoskopu, kamera nyembamba inayoingizwa mwilini badala ya hadubini ya juu, hupitisha maji ya chumvi yasafishe njia, na wakiongeza msukumo picha hung'aa. Ukizidi, msukumo huo hupanda hadi kichwani. Mgonjwa aliye macho akianza kulalamika shingo inauma, maji hupunguzwa mara moja.

"Endoskopu ni mpya, basi inaishinda hadubini."

Inategemea. Endoskopu nyingi hutoa picha bapa, kina hakionekani vizuri. Lakini lenzi yake iliyoinama huchungulia kwenye kona ambayo hadubini haifiki.

"Kompyuta ikiongoza skrubu zinazofungwa kwenye pingili, haikosei."

Skrini huonyesha picha iliyopigwa mapema, si mgongo ulivyo sasa hivi. Fremu iliyofungwa kwenye mfupa, ambayo kompyuta huitegemea kujua mgongo uko wapi, ikigongwa na kiwiko, skrini itaendelea kuonyesha skrubu iko katikati ya mfupa hata kama imeshatoka nje. Timu makini hugusa kila mara sehemu ya mfupa inayojulikana, kuhakikisha.

"Daktari akiamua kufungua zaidi, ameshindwa."

Mimi namwamini zaidi huyo kuliko anayeng'ang'ania tundu huku haoni. Kabla ya kusaini fomu, muulize: damu ikiziba, au pingili isipotambulika, mtafanyaje?