Kahawa ya moto na "mamilioni ya bure"

Ujumbe wa kahawa umerudi tena kwenye magrupu: eti Marekani mwanamke alijimwagia kahawa huku akiendesha gari, akashtaki, akaondoka na mamilioni ya dola. Ukikufikia, tafadhali usiusambaze.

Kesi yenyewe ipo, ya Albuquerque, jimbo la New Mexico. Ila mama huyo wa miaka 79 alikuwa abiria, na gari lilikuwa limesimama. Kahawa ilikuwa na joto la nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi. Ilimuunguza vibaya, akalazwa siku 8 na kupandikizwa ngozi. Kampuni iliyoiuza ilikuwa imeshapokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu walioungua. Yeye mwanzoni aliomba dola 20,000 tu.

Mkanganyiko unatoka kwenye tarakimu. Mwaka 1994 juri (jopo la raia wanaoamua kesi pamoja na jaji) ilimpa dola 160,000 za kufidia madhara, baada ya kukata asilimia 20 kwa uzembe wake mwenyewe, na milioni 2.7 za fidia ya adhabu, yaani pesa ya kumtia adabu mkosaji. Habari nyingi ziliishia hapo, na wanaotaka fidia hizo ziwekewe ukomo wakakishika kisa hicho. Lakini jaji aliishusha adhabu hadi dola 480,000, kisha pande mbili zikapatana kwa kiasi cha siri.

Kwa hiyo ukitumiwa kisa kama hiki, tafuta jalada la kesi uone: kiasi kilichotajwa ni cha juri, au ndicho alichoacha jaji?