Uloto wa mtoto kukutwa na seli changa, sio lazima iwe saratani ya damu

Wazazi wengi wanafika kwetu Upanga na karatasi ya majibu imeandikwa "seli changa zimeongezeka kwenye uloto", na kabla hawajaonana na dokta wameshagugo usiku kucha na wameshajua ni lukemia (saratani ya damu). Ngoja kwanza jamani.

Uloto ni ule ute laini ndani ya mifupa, damu inatengenezwa humo, na seli B, zile za kutengeneza kinga, zinazaliwa na kukua humohumo kabla ya kutoka. Sasa mtoto kinga yake ndo inajengwa, kwahiyo kuwa na seli B changa nyingi kwake ni kawaida kabisa, mtu mzima huwa anabaki nazo chache. Maabara tunaziita hematogoni. Zinapanda zaidi mtoto akitoka kuumwa virusi, akiwa na upungufu wa damu wa kukosa madini chuma, akiwa na ITP (chembe sahani zinashuka, anatoka vidoa vyekundu miguuni na kuvia damu hata akigongwa kidogo), au akiwa kamaliza kemo (dawa za saratani) na uloto unajijenga upya, na hapo ndo watu wanaogopa kwamba saratani imerudi.

Tabu ni kwamba kwenye maikroskopu zinafanana mno na seli za lukemia: ndogo, za duara, kiini kimejaa karibu seli nzima. Hata mtu mzoefu anakwama. Ndo maana tunaomba flosaitometria, mashine inayosoma alama za kwenye seli. Hematogoni ni kama shule ya msingi, unakuta kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba wote wapo: hizi bado zina CD34 (alama ya seli changa kabisa), zile zimeshaiacha, nyingine CD20 (alama ya seli B zilizokua) ndo inaanza kutokea. Kwenye lukemia zimerundikana darasa moja hazipandi, na mara nyingi zina alama ambazo hazikutakiwa kuwepo pale.

Kuhusu sindano yenyewe ya kutoa uloto wa kupima, kwa kawaida inachomwa mfupa wa nyonga kwa nyuma, mtoto akiwa na ganzi au amelazwa usingizi. Sio uti wa mgongo, hicho ni kipimo kingine, na hizi stori za mtoto kupooza zinatuchelewesha kweli.

Kitu ninachowaomba sana, msimpe mtoto prednisoloni (dawa ya steroidi) ya duka la dawa kabla hajapimwa eti madoa yapungue. Kama kweli ni lukemia, steroidi inaziua seli kwa muda, kipimo kinaweza kutoka kisafi, na ugonjwa upo palepale. Na kama ana homa zisizoisha, anachechemea au analia mifupa, matezi yamevimba, mleteni mapema hata kama karatasi inasema kawaida.

Mkiwa mlishapimwa hospitali nyingine njooni na slaidi zenyewe (vile vioo vyenye sampuli), tuziangalie upya, karatasi peke yake haitutoshi.