MGR hakupewa Tamil Nadu na filamu

Msanii yeyote akichukua fomu ya ubunge, haipiti wiki kabla sijaletewa hoja ileile: "Mbona India walimpa mcheza filamu nchi nzima?" Safari hii mleta hoja ni mwenzangu wa idarani, mtu mwenye shahada zake, na uvumilivu wangu ukaishia hapo.

Nchi nzima hakupewa. M. G. Ramachandran, MGR kwa kila anayemjua, alikuwa waziri kiongozi wa jimbo moja, Tamil Nadu, tangu Juni 1977 hadi kifo chake tarehe 24 Desemba 1987, ukiondoa miezi michache ya 1980 ambayo nitaigusa kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayonipa raha. Na kupewa pia hakupewa.

Ya utotoni nayapita haraka. Alizaliwa 1917 Nawalapitiya, karibu na Kandy, Sri Lanka, kwa wazazi Wamalayali, si Watamil. Baba akafa mapema, umaskini ukamwingiza kwenye kundi la maigizo akiwa mtoto mdogo. Filamu ya kwanza aliicheza 1936, na hadi anapata nafasi ya shujaa mkuu ilikuwa 1947. Basi.

Mwaka ambao watu wanauruka ni 1953. Hapo ndipo alipojiunga na DMK, chama alichokianzisha C. N. Annadurai miaka minne nyuma. Kwa hiyo alipounda chama chake mwaka 1972 alikuwa na miaka 19 ya siasa mgongoni: mjumbe wa baraza la juu la bunge la jimbo 1962, mbunge wa jimbo 1967, kisha mweka hazina wa chama baada ya Annadurai kufariki 1969. Kilichomfukuzisha DMK mwaka huo hakikuwa filamu hata kidogo. Alisimama hadharani akataka viongozi waonyeshe mali zao na hesabu za chama ziwekwe wazi. Mweka hazina ndiye anadai hesabu! M. Karunanidhi, waziri kiongozi wa wakati huo, na rafiki yake wa zamani aliyewahi kumwandikia miswada ya filamu, hakuona cha kuchekesha.

Sasa, kinachonikera zaidi. Watu wakisikia "mashabiki" wanafikiria umati unaopiga mayowe nje ya sinema. Manram za MGR zilikuwa kitu kingine. Zilikuwa klabu za mtaani na vijijini, zenye viongozi na wanachama, waliojaa madereva wa riksho, vibarua na vijana wasio na kazi. Walibandika mabango, walichangia misaada, na uchaguzi ukifika walipita nyumba kwa nyumba. Kwa miaka mingi kazi hiyo waliifanya kwa faida ya DMK. Januari 1967 mwigizaji mwenzake, M. R. Radha, alimpiga risasi ya shingo, na picha ya MGR hospitalini, bandeji shingoni, ikabandikwa jimbo zima wakati kampeni inaendelea. Picha haikujibandika yenyewe. Alipofukuzwa Oktoba 1972, klabu zikaondoka naye na kugeuka matawi ya chama kipya, ADMK. Mei 1973 chama hicho cha miezi saba kikashinda uchaguzi mdogo wa Dindigul kwa alama ya majani mawili, DMK ikashika nafasi ya tatu. Na mgombea hakuwa MGR. Alikuwa K. Maya Thevar, ambaye hakuna aliyewahi kulipa kiingilio kwenda kumtazama.

Haya, twende 1980. Januari, uchaguzi wa bunge la taifa: chama cha MGR kinapata viti 2 kati ya 39 vya jimbo. Viwili! Februari serikali kuu ya Delhi inaivunja serikali yake na jimbo linawekwa chini ya utawala wa rais, yaani linaongozwa moja kwa moja na Delhi. Mwishoni mwa Mei wapiga kura walewale wanarudi vituoni kuchagua bunge la jimbo, na MGR anazoa viti 129 kati ya 234. Sura ni ileile, filamu ni zilezile, miwani myeusi na kofia ya manyoya viko palepale. Ukiniambia sura ndiyo iliyoshinda Mei, niambie Januari ilikuwa wapi.

Januari chama cha Congress cha Indira Gandhi na DMK walikuwa wameungana. Zaidi ya hapo, mwaka 1979 serikali ya MGR ilikuwa imeweka kikomo cha kipato cha rupia 9,000 kwa mwaka: familia ya tabaka lililo nyuma ikivuka hapo, mtoto wake hana nafasi kwenye mgao uliotengewa matabaka hayo vyuoni na kwenye ajira za serikali. Kwenye karatasi ni haki tupu. Kwenye kura ilikuwa balaa. Baada ya kipigo akakifuta haraka, na mgao wa matabaka hayo akaupandisha kutoka asilimia 31 hadi 50. Mei, Congress na DMK wakaingia wakigawana viti vya kugombea karibu nusu kwa nusu, huku kila upande ukimtilia shaka mwenziwe. Huyo ndiye "mcheza filamu" wenu: mwanasiasa aliyesoma matokeo akageuza gari.

Kuhusu mpango wa MGR wa mlo wa mchana shuleni wa 1982, uliolisha mamilioni ya watoto, kila mtu atakuambia ndio uliomfanya mungu wa maskini. Mimi sina uhakika ulimpa kura ngapi. Kamaraj, waziri kiongozi wa jimbo kutoka Congress, alilisha watoto shuleni miaka ya hamsini na 1967 chama chake kikaanguka vilevile. Na serikali hiyohiyo ya MGR ililegeza marufuku ya pombe, ikaunda shirika lake la kuuza pombe kwa jumla, TASMAC, mwaka 1983. Mkono mmoja ukimlisha mtoto, wa pili ukimuuzia baba yake. Ushindi wa 1984 nao, alioupata akiwa amelazwa hospitali ya Brooklyn, siwezi kuutenganisha na kuuawa kwa Indira Gandhi wiki chache kabla, maana safari hiyo Congress ilikuwa upande wake.

Kuna jirani mmoja anayenisumbua, nakiri. Katika jimbo la Andhra Pradesh, mwigizaji N. T. Rama Rao, aliyezoeleka akicheza mungu Krishna, alianzisha chama Machi 1982 na Januari 1983 akachukua zaidi ya viti 200 kati ya 294. Bila miaka 19, bila chochote. Najibu kwamba Congress ilikuwa imewabadilishia wananchi mawaziri viongozi wanne katika miaka mitano na watu walichoka kudharauliwa na Delhi. Ni jibu zuri. Kwamba linatosha, siapi.

Lakini mwenzangu wa idarani aeleze 1989. MGR amekufa, chama kimepasuka, majani mawili yamezuiwa na tume ya uchaguzi. Upande mmoja yuko mjane wake Janaki, mwigizaji, pamoja na Sivaji Ganesan, ambaye kwa uigizaji alimzidi MGR mbali. Upande wa pili Jayalalithaa, mwigizaji pia. Janaki akaangushwa Andipatti, kiti alichokuwa nacho mumewe. Sivaji akaangushwa Thiruvaiyaru. Jayalalithaa akaambulia viti 27, na aliyeapishwa ni Karunanidhi, mwandishi wa miswada.