Gari-nyumba katika hifadhi za Milima ya Rocky: dhana potofu na ukweli wake

Upande wa Marekani, Milima ya Rocky imebeba hifadhi nne za taifa ambazo msafiri mwenye likizo ya kutosha hutamani kuziunganisha katika safari moja: Glacier iliyoko Montana, Yellowstone iliyoenea katika Wyoming, Montana na Idaho, Grand Teton iliyo jirani yake kwa kusini, na Rocky Mountain ya Colorado. Wazungumzaji wa Kiswahili si wageni kabisa katika ukanda huu, kwani kuna familia za Wakongomani zilizopata makazi Missoula na Boise, na kuna Wakenya wengi wanaoishi Denver na vitongoji vyake. Ndugu wanaokuja kuwatembelea huwa tayari wameona mtandaoni picha za gari-nyumba, yaani lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake ambalo Wamarekani huliita kwa kifupi RV, likiwa limeegeshwa peke yake kando ya ziwa, na vilele vyenye theluji nyuma yake. Picha hizo zimezaa dhana nyingi ambazo huwagharimu watu fedha na siku za likizo. Kwa maoni yangu, mpango wa safari hii huanza na futi ya kupimia na kalenda. Orodha ya vivutio huja baadaye.

Dhana: Barabara za hifadhi ni za umma, hivyo gari lolote lenye usajili hupita.

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, na inafaa kuielewa kabla hata ya kukodi gari. Barabara maarufu ya Glacier, Going-to-the-Sun, ina urefu wa takribani kilomita 80 na ilikamilika mwaka 1932, ikachongwa ubavuni mwa mlima kwa ajili ya magari madogo ya zama zile. Katika sehemu yake ya juu, kuanzia kambi ya Avalanche upande wa magharibi hadi kwenye Ziwa St. Mary upande wa mashariki, haliruhusiwi gari lenye urefu unaozidi mita 6.4 likipimwa pamoja na bampa zake, wala lenye upana unaozidi mita 2.4 likipimwa pamoja na vioo vya pembeni. Gari refu la kwenda juu nalo, linalozidi mita 3, linaweza kukwaruzwa na miamba iliyojitokeza juu ya barabara. Magari-nyumba mengi ya kukodi yana urefu wa kati ya mita 7 na 9, na hata lile linaloonekana fupi hushindwa kwa sababu ya vioo ambavyo mwenye kupima kwa macho huvisahau. Ukiongeza kibebea baiskeli nyuma, nacho kinahesabiwa.

Hilo halimaanishi kwamba mwenye gari kubwa hataona Logan Pass, mahali pa juu kabisa pa barabara hiyo penye mwinuko wa mita 2,026. Anaweza kuliacha gari kambini akapanda basi la hifadhi, ambalo hufanya kazi msimu wa kiangazi na ambalo masharti yake ya nafasi hubadilika mwaka hadi mwaka, au akalipia kiti katika yale mabasi mekundu ya miaka ya 1930 yenye paa la turubai linalokunjwa. Na akitaka kuhamisha gari lenyewe kutoka upande mmoja wa hifadhi hadi mwingine, ipo barabara kuu namba 2 inayozunguka kusini kupitia Marias Pass, ambako mwinuko ni mita 1,589 tu na lami ni pana.

Hifadhi nyingine zina vizuizi vyake. Ndani ya Grand Teton, barabara ya Moose-Wilson imefungwa kwa magari-nyumba na matela. Rocky Mountain inawachanganya watu zaidi, kwa kuwa Trail Ridge, barabara yake iliyo juu kuliko zote, huyapokea magari-nyumba bila shida ya kisheria, ilhali Old Fall River, ambayo ni ya zamani, ya changarawe na ya kupanda tu, hairuhusu tela wala gari linalozidi mita 7.6. Kigezo ni upana wa barabara na ukali wa kona zake, wala si kimo cha mlima.

Dhana: Juni ni kiangazi, hivyo kila kitu kimefunguliwa.

Kalenda ya milima hii hufuata theluji. Going-to-the-Sun kwa kawaida hufunguka yote kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai, baada ya mitambo kufanya kazi ya majuma mengi ya kuondoa theluji, na hufungwa tena ifikapo Oktoba. Trail Ridge, inayofika mita 3,713 juu ya usawa wa bahari, hufunguliwa mwishoni mwa Mei na hufungwa katikati ya Oktoba au mapema zaidi dhoruba ikitangulia. Katika Yellowstone, barabara nyingi hufungwa kwa magari ya kawaida kuanzia mwanzoni mwa Novemba, na hufunguliwa kwa awamu kati ya katikati ya Aprili na mwisho wa Mei. Njia pekee inayobaki wazi kwa magari mwaka mzima ni ile inayotoka Gardiner, kwenye geti la kaskazini, kwenda Cooke City.

Anayekuja mwanzoni mwa Juni hupata maporomoko ya maji yaliyojaa na kambi zisizosongamana sana, lakini hukosa baadhi ya barabara za juu. Anayekuja Septemba hupata barabara zote na misitu inayogeuka rangi, ila usiku joto hushuka chini ya nyuzi sifuri, na mpira wa maji ulioachwa umeunganishwa nje huganda kabla ya alfajiri. Kama ningelazimika kuchagua, ningechukua majuma mawili ya kwanza ya Septemba na kuufungua ule mpira kila jioni.

Dhana: Umbali ni mdogo, hivyo Yellowstone inatosha kwa siku moja.

Barabara ya mzunguko ya Yellowstone, iliyochorwa kama namba nane, ina kilomita 229 hivi. Mtu aliyezoea barabara kuu atapiga hesabu ya saa tatu. Kasi ya juu inayoruhusiwa ni kilomita 72 kwa saa, na sehemu nyingi ni chini ya hapo. Baisoni, yule nyati mwenye nundu na manyoya mabegani, hupita barabarani kwa makundi na hana haraka na mtu. Foleni ya nusu saa nyuma ya baisoni ni jambo la kawaida, na haifai kupiga honi wala kushuka kupiga picha, maana mnyama huyo amejeruhi watu wengi zaidi katika hifadhi hiyo kuliko mnyama mwingine yeyote. Sheria inataka umbali wa mita 23 kutoka kwake na kutoka kwa wanyama wengine wakubwa, na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu. Tena, dereva wa gari-nyumba anayekusanya msururu nyuma yake anatakiwa kuingia kwenye maegesho madogo ya kando ili wengine wapite, na kila kuingia na kutoka kunakula muda.

Kutoka Glacier hadi Yellowstone ni takribani kilomita 600. Hiyo ni siku nzima ya kuendesha, na siku hiyo usiipangie jambo lingine.

Dhana: Nyumba ninayo, nitalala popote jua litakaponikuta.

Ndani ya hifadhi hizi hairuhusiwi kulala kwenye maegesho ya kando ya barabara wala katika maegesho ya vivutio, na askari wa hifadhi huzunguka usiku kugonga milango. Mahali pa kulala ni kambini, na kambi hujaa. Yellowstone ina zaidi ya nafasi 2,000 za kambi, lakini katika Julai zote huweza kuwa zimechukuliwa. Kambi zake tano kubwa zinaendeshwa na mkandarasi na huanza kupokea maombi zaidi ya mwaka mmoja kabla. Nyingi za nyingine hupitia tovuti ya serikali ya Recreation.gov miezi sita kabla. Anayejaza fomu aandike urefu kamili wa gari pamoja na tela, kwa sababu gari lisilotosha kwenye nafasi yake halitahamishiwa nyingine kwa huruma.

Nje ya mipaka ya hifadhi hali ni tofauti. Misitu ya taifa inayozizunguka huruhusu watu kukaa bila malipo katika maeneo mengi yasiyo na huduma, kwa kikomo cha siku ambacho kila msitu hujiwekea. Huko ndiko picha nyingi za gari lililo peke yake hupigwa, ingawa anayezituma huandika jina la hifadhi.

Dhana: Kambi ya hifadhi ina umeme, maji na bomba la maji taka kwenye kila nafasi.

Katika Yellowstone, kambi moja tu, Fishing Bridge, ndiyo yenye huduma hizo zote kwenye nafasi ya gari. Grand Teton inazo, kwa mfano pale Colter Bay. Katika Rocky Mountain hakuna kambi yenye huduma hizo zote. Kwingine utategemea betri, gesi, tangi lako la maji na jenereta, ambayo nayo ina saa zake: Yellowstone huruhusu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na katika kambi zinazoikubali tu. Mwenye mashine ya kupumulia wakati wa usingizi hana budi kulipangia hilo mapema kwa betri ya ziada.

Kazi ambayo picha hazionyeshi ni kumwaga maji taka. Gari lina matangi mawili, moja la choo na jingine la maji ya sinki na bafu. Kwenye kituo cha kumwagia huvaliwa glavu, mpira mnene hukazwa kwanza kwenye gari na kisha shimoni, halafu hufunguliwa vali ya tangi la choo mpaka liishe na kufungwa, ndipo hufunguliwa la sinki ili maji yake ya sabuni yauoshe mpira. Bomba lililo karibu na shimo hilo ni la kusafishia tu. Maji ya kunywa hujazwa kwenye bomba jingine, kwa mpira mwingine, na anayetumia mpira mmoja kwa kazi zote mbili atajutia safari nzima.

Dhana: Kupanda ndiko kunakotisha, kushuka gari hujiendea lenyewe.

Kupanda hukera tu. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo juu ya Trail Ridge imebaki na kama theluthi mbili ya nguvu zake, na gari zito litakwenda polepole bila kuwa bovu. Hatari iko kwenye mteremko, pale dereva anapokalia pedeli ya breki kwa dakika kumi mfululizo hadi breki zikapata moto na kuacha kushika. Dereva wa lori aliyezoea kushuka Kitonga, katika barabara ya Iringa, hahitaji kufundishwa dawa yake: gia nzito iwekwe kabla ya mteremko kuanza, injini ilizuie gari, na breki ikanyagwe kwa vipindi vifupi. Teton Pass, kati ya Jackson na mpaka wa Idaho, ina mteremko wa asilimia 10, na mwenye gari zito au tela anayetoka Idaho Falls afadhali azunguke kupitia Swan Valley na Alpine.

Wanaotoka Afrika Mashariki wana jambo la ziada, kwani Marekani huendesha upande wa kulia. Ukikalia usukani wa kushoto, sehemu kubwa ya gari pana iko kuliani kwako, ambako macho hayajazoea kukadiria, na huko ndiko vioo na matawi hugongana. Saa moja ya mazoezi kwenye maegesho matupu kabla ya kuingia barabarani si muda uliopotea.

Dhana: Gari-nyumba linamzuia dubu.

Kuta ngumu zinasaidia, na ndiyo maana Fishing Bridge haipokei mahema wala matela yenye kuta za turubai. Lakini harufu hupita. Chakula, takataka, hata dawa ya meno haviachwi kwenye meza ya nje, na madirisha hufungwa mnapotoka.

Dhana: Kiingilio ni kilekile kwa kila mtu.

Hadi mwisho wa 2025 ilikuwa hivyo. Kuanzia 1 Januari 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 16 au zaidi hulipa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika hifadhi 11 zinazotembelewa sana, na zote nne zilizotajwa hapa zimo. Akinunua kadi ya mwaka ya wasio wakazi kwa dola 250, nyongeza hiyo humwondokea, kwa hiyo anayepitia hifadhi tatu au nne hupata nafuu kwa kadi. Mkazi hulipa dola 80 kwa kadi ya mwaka, naye hutakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha kilichotolewa na mamlaka za Marekani. Kadi zote mbili hulipia kuingia tu. Ada ya kambi, kwa kila usiku, ni hesabu nyingine.