Mnyama aliyekubali kula mkaratusi

Mfugaji wa Njombe au wa Limuru hahitaji kuelezwa kwamba mbuzi hali mkaratusi. Mbuzi huyo huyo atamaliza mahindi ya jirani, atausimamia mgunga wenye miiba akifuata majani, hata gunia tupu atalitafuna; lakini jani lililokomaa la mkaratusi atalinusa, kisha ataendelea na safari yake. Kazi yangu ni lishe ya wanyama wala majani, na kila ninapoulizwa habari za koala, mnyama wa mitini wa Australia, hasa na wanafunzi waliomwona kwenye simu akiwa amelala kwenye panda ya mti, huanza na mbuzi huyo. Wao hutaka kujua kwa nini koala analala sana. Mimi husema tuulize kwanza anawezaje kuishi kwa kitu ambacho mbuzi, mlaji wa karibu kila kitu, amekikataa.

Jani la mkaratusi ni chakula kibaya. Lina nyuzi nyingi na protini kidogo, na karibu nusu ya uzito wake ni maji. Juu ya hapo limejaa mafuta yale yale tunayojifukizia tukishikwa na mafua. Lina tanini, ambazo hukamata hata ile protini kidogo iliyopo na kuizuia isimeng'enywe tumboni. Kuna pia kundi la kemikali za jamii ya fenoli zinazomtia mnyama kichefuchefu akizidisha. Kiwango cha kemikali hizo hutofautiana mti kwa mti, hata miti ya aina moja iliyoota bega kwa bega, na ndiyo maana koala anaweza kurudi kwenye mti mmoja usiku baada ya usiku huku ule wa jirani akiupita kana kwamba haupo. Asiyejua hudhani ni madeko.

Australia ina zaidi ya aina 700 za mikaratusi. Koala hula makumi kadhaa tu, na katika eneo moja huenda akategemea mbili au tatu: Eucalyptus viminalis huko Victoria, Eucalyptus tereticornis huko Queensland, Eucalyptus camaldulensis kandokando ya mito. Huo wa mwisho tunaujua vizuri hata sisi, kwa kuwa umepandwa sana kwenye maeneo makavu ya Afrika Mashariki.

Pua ndiyo inayofanya kazi ya kwanza. Koala hunusa jani kabla ya kulitia kinywani, na ulimi wake unatambua uchungu kwa undani usio wa kawaida. Jenomu yake, yaani orodha nzima ya jeni zake, ilipochapishwa mwaka 2018, ilionekana ana jeni 24 za kuonja uchungu, nyingi kuliko wanyama wengine wa Australia wanaobeba watoto mfukoni. Katika jenomu hiyo hiyo kulikuwa na jeni za vimeng'enya vya ini vinavyovunja sumu, na familia moja ya jeni hizo imeongezeka hadi kufikia 31. Ini lake, kwa kifupi, limejengwa kwa ajili ya kazi hii. Jambo hilo lina hasara yake: dawa nyingi ambazo daktari wa wanyama angempa, koala huzivunja haraka mno kabla hazijafanya kazi.

Ini hushughulikia sumu, lakini majani yenyewe bado yanahitaji kusagwa. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, wanyama wengi wana kifuko kidogo kisichotokea upande wa pili. Cha koala kinafika urefu wa mita 2, ilhali mnyama mwenyewe kutoka pua hadi makalio hafikii mita moja. Humo bakteria huchachusha majani kwa siku kadhaa. Na si yote yanayobaki: vipande vikubwa vya nyuzi husukumwa nje mapema, na majimaji yenye chembechembe ndogo, yenye faida zaidi, hurudishwa na kushikiliwa. Hata hivyo mapato ni madogo, na kuondoa sumu nako kunakula nishati.

Sasa usingizi unaeleweka. Ile hadithi kwamba koala amelewa mafuta ya mkaratusi si kweli. Yeye ni mnyama wa kipato kidogo anayebana matumizi: joto la mwili analizalisha kwa kiasi, anatembea kwa kiasi, na hata ubongo wake, kiungo ambacho ni ghali kukilisha, una uzito wa gramu 20 hivi na umekaribia kuwa laini bila mikunjo. Kile kiwango cha saa 20 za usingizi kwa siku kinachosambaa mitandaoni kinachanganya kulala na kukaa tu. Koala wa porini waliofuatiliwa kwa vifaa walilala saa 14 au 15, na saa nyingine kadhaa walikaa macho bila kufanya lolote. Kukaa bila kufanya lolote ni sehemu ya usagaji wa chakula.

Wengi bado humwita dubu. Ndugu yake wa karibu aliye hai ni wombati, mchimbaji mashimo wa huko huko Australia, na wote wawili ni wa kundi la kangaruu, yaani wanyama wanaozaa mtoto ambaye hajakomaa na kummalizia kwenye mfuko. Mimba ya koala ni siku 35 hivi. Mtoto anayezaliwa hafiki gramu moja, ni kipofu, hana manyoya, ila ana mikono yenye nguvu ya kutosha kupanda mwenyewe hadi mfukoni na kung'ang'ania chuchu. Humo hukaa karibu miezi 6.

Hapo inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, ingawa wanafunzi hukunja nyuso. Mtoto hawezi kuhama kutoka maziwa kwenda majani akiwa na utumbo usio na bakteria wanaofaa. Anapokaribia kutoka, mama hutoa uji laini wa kijani, tofauti kabisa na kinyesi chake cha kawaida, unaotoka kwenye kile kifuko kirefu, na mtoto huula moja kwa moja. Mdomo wa mfuko wa koala umeelekea chini na nje, karibu na njia ya haja ya mama, kwa hiyo mtoto hutoa kichwa tu na kujilia. Uji huo una protini, lakini faida kubwa ni wale bakteria. Asiyepewa uji huo hataweza kuishi kwa mkaratusi.

Urithi huo una upande mgumu, na hilo lilionekana wazi Cape Otway, kusini mwa Victoria. Koala wa huko walikuwa wakila Eucalyptus viminalis. Waliongezeka mno hadi wakaivua miti majani, na mwaka 2013 wengi wakawa wanakufa kwa njaa. Mamia waliokuwa hoi ikabidi wauawe kwa sindano ili wasiteseke. Wakati wote huo, aina nyingine ya mkaratusi, Eucalyptus obliqua, ilikuwa palepale, na koala wengine wa eneo hilo hilo waliila kila siku. Timu ya mtafiti Michaela Blyton ikajiuliza kama tatizo liko tumboni. Walichukua vinyesi vya koala waliozoea obliqua, wakavitia kwenye vidonge, wakawamezesha koala waliozoea viminalis. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba bakteria walivyobadilika, ndivyo baadhi ya koala hao walivyoanza kula obliqua kwa wingi. Kwangu mimi huo ni mmoja wa uchunguzi bora wa lishe ya wanyama pori katika miaka hii, na haukuhitaji mtambo wa gharama kubwa.

Bakteria hao hao ndio wanaoifanya klamidia iwe tatizo zito kwa koala. Ugonjwa huu humpofusha, humharibia njia ya mkojo na kuwafanya majike wawe tasa, na katika baadhi ya makundi umewashika wengi. Unatibika kwa antibiotiki. Lakini antibiotiki haichagui: ikiua klamidia inaua pia bakteria wanaovunja tanini, na mgonjwa aliyepona macho anaweza kufa njaa akiwa na majani mdomoni. Ndiyo sababu chanjo iliyotengenezwa na watafiti wa University of the Sunshine Coast, iliyoidhinishwa Australia mwaka 2025, ilipokewa kwa furaha kubwa.

Kuhusu maji, mara nyingi utasikia kwamba koala hanywi. Hunywa. Mvua ikinyesha hulamba maji yanayoteremka kwenye shina, na kwenye ukame huko Gunnedah, New South Wales, walikunywa kwenye vyombo walivyowekewa na watu. Siku za joto kali hushuka kwenye matawi ya chini na kulikumbatia shina kwa mwili mzima. Watafiti waliowapiga picha za kamera ya joto katika French Island, utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waligundua kwamba shina huwa baridi kuliko hewa, na lililokuwa baridi zaidi ni la mti ambao koala hawauli kabisa: Acacia mearnsii. Hiyo ni miwati, ile ile ya mashamba ya magome Njombe. Kwa hiyo ukihesabu miti ya chakula peke yake, umehesabu nusu ya makazi ya koala.

Mengine mwili wake unayaeleza wenyewe. Mikono ina vidole viwili vinavyofanya kazi ya gumba, makalio yana manyoya mazito ya kukalia panda ya mti saa nyingi, na ncha za vidole zina alama zinazofanana sana na zetu. Sauti ya dume wakati wa kupandana ni mngurumo mzito kupita kiasi kwa mnyama wa kilo 15 au chini yake. Mwaka 2013 ilielezwa kwamba ana jozi ya ziada ya nyuzi za sauti, nje ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti chenyewe. Magego nayo ndiyo saa ya maisha yake. Yakiisha kwa kusaga nyuzi, hayaoti mengine.

Tatizo kubwa zaidi la koala, hata hivyo, liko ardhini. Mkaratusi ulioota kwenye udongo wenye rutuba na unyevu una majani yenye protini zaidi, na huko ndiko koala wanakopenda kuishi. Ni udongo huo huo mkulima anaoutaka, na baada ya mkulima, mjenzi wa nyumba. Msitu ukikatwa vipandevipande, koala hulazimika kutembea chini kutoka mti hadi mti, akikutana na magari na mbwa. Kabla ya hapo alikuwa amewindwa kwa ngozi. Agosti 1927 peke yake, Queensland iliruhusu uwindaji ulioua zaidi ya nusu milioni. Februari 2022, baada ya ukame na mioto mikubwa ya 2019 na 2020, koala wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu waliorodheshwa rasmi kuwa hatarini kutoweka.

Kusini mambo ni kinyume, na hapo ndipo wasimamizi wanapoumiza vichwa. Katika sehemu za Victoria na Kangaroo Island, walikopelekwa na watu miaka ya 1920, shida imekuwa koala kuzidi miti. Wengine wamehamia kwenye mashamba ya biashara ya Eucalyptus globulus, mkaratusi uliopandwa pia kwenye nyanda za juu za Kenya na Ethiopia. Wakati wa kuvuna, kampuni huko Victoria hulazimika kutanguliza watu wa kuangalia vileleni, na mti wenye koala huachwa pamoja na michache inayouzunguka hadi atakapoondoka mwenyewe. Sheria haisemi aende wapi, na mara nyingi anachokikuta mbele ni visiki.