Kitambulisho hakikufikishi Unguja

Hapa Lamu neno hili limekaa barazani miaka: "Zanzibar ni kwa ndugu zetu, ukipanda meli ya kitalii Mombasa, kitambulisho chatosha." Udugu ni kweli, lakini Unguja ni Tanzania. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho. Tanzania haimo katika mpango huo, na hapo ndipo watu huchanganya. Chukua pasipoti, au hati ya muda ya safari za Afrika Mashariki. Fungua ukurasa wenye picha utazame tarehe ya mwisho: kampuni nyingi za meli hutaka iwe imebakisha miezi sita. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, tafadhali. Nimemwona mama akiitafuta mkobani, machozi yakimlenga.